Jina moja, viumbe wawili: huduma ipi ya kuhakiki majina ya kisayansi inafaa kuaminiwa?

Andika Oenanthe peke yake kwenye huduma yoyote ya kuhakiki majina ya kisayansi, kisha soma jibu lake kabla hujaikabidhi orodha yako. Jina hilo ni la jenasi ya ndege wadogo wa nyanda za wazi. Mmoja wao, Oenanthe pileata, utamkuta amesimama wima juu ya jiwe au kichuguu kwenye nyasi fupi za Ngorongoro. Ni jina pia la jenasi ya mimea ya familia ya karoti inayoota penye maji, na humo mna Oenanthe crocata ya Ulaya, mmea wenye sumu ya kuua. Huduma ikikurudishia ndege bila kuuliza, au mmea bila kuuliza, imekubahatishia. Ikikataa kuchagua mpaka uiongezee habari, hiyo ndiyo ya kufanyia kazi.

Kwa kipimo hicho tunazipitia hapa huduma tano: GBIF (hifadhidata ya kimataifa ya rekodi za viumbe), IRMNG (ya majina ya jenasi), WoRMS (ya viumbe wa bahari), POWO ya bustani ya Kew (ya mimea), na NCBI Taxonomy (ya viumbe wenye data za jeni). Zote ni bure, na kwa kazi inayoelezwa hapa huhitaji kufungua akaunti. Walengwa ni wanaoandaa orodha za spishi: watu wa hifadhi na makumbusho, wanafunzi wa vyuo, na waandishi wa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira ambao lahajedwali moja huwa imebeba nyasi, ndege, wadudu na uyoga kwa pamoja.

Tatizo limo ndani ya sheria zenyewe. Wanyama wana kanuni yao ya majina, ICZN. Mimea, mwani na kuvu wana ya kwao, ICN. Kila kanuni inatamka kwamba haitegemei nyingine. Majina ya mimea yanahesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1753, ya wanyama kuanzia toleo la kumi la kitabu chake kingine, la 1758. Ndani ya kanuni moja, jenasi mbili haziruhusiwi kushika jina moja. Mamalia wa Australia mwenye mdomo kama wa bata alinyimwa jina Platypus kwa kuwa mbawakawa alikwisha kulichukua mwaka 1793, ndipo akabaki na Ornithorhynchus. Lakini ukivuka kutoka kanuni moja hadi nyingine, hakuna wa kuzuia. Vieillot, mtaalamu wa ndege wa Ufaransa, aliwapa ndege majina Oenanthe, Prunella na Morus mwaka 1816, na yote matatu Linnaeus alikuwa ameshayatoa kwa mimea. Yanatumika pande zote mbili hadi leo, na ni halali kabisa.

Kwa anayefanya kazi Afrika Mashariki, majina ya kuchunga si ya nadra hata kidogo. Ficus ni mkuyu na ndugu zake, na ni konokono wa baharini mwenye gamba lenye umbo la tini. Chloris ni jenasi ya nyasi ya Rhodes, Chloris gayana, inayopandwa kwa ajili ya malisho, na ni ndege wa Ulaya Chloris chloris. Morus alba ni mforosadi; Morus capensis ni ndege mkubwa mweupe wa baharini anayetaga kwenye visiwa vya Afrika Kusini na Namibia. Euclea ni mdaa na pia ni nondo. Satyrium ni moja ya jenasi za okidi ambazo viazi vyake huchimbwa nyanda za juu kusini mwa Tanzania na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, na ni kipepeo vilevile. Hystrix ni nungunungu, na ni nyasi ambazo wataalamu wengi sasa wanaziweka ndani ya Elymus. Eisenia fetida ni mnyoo wa mboji wa kufugwa, ilhali Eisenia nyingine ni mwani wa kahawia. Dracunculus medinensis ni mnyoo wa Guinea, ugonjwa ambao Kenya ilithibitishwa kuwa huru nao mwaka 2018. Dracunculus vulgaris ni ua la Mediterania lenye harufu ya mzoga.

Mgongano wa jina zima, jenasi pamoja na spishi, ni wa nadra zaidi lakini upo. Ficus variegata ni mti wa Asia ya Kusini Mashariki na Australia unaozaa tini moja kwa moja kwenye shina, na Ficus variegata ni konokono wa bahari. Gaussia princeps ni jamaa wa mnazi anayeota kwenye vilima vya chokaa magharibi mwa Kuba, na ni kopepodi (mnyama mdogo sana wa jamii ya kamba) wa bahari ya kina anayetoa mwanga. Asterina gibbosa ni kiti cha pweza wa pwani za Ulaya, na ni kuvu. Iris orientalis ni ua la bustani, na ni vunjajungu. Centropogon australis ni samaki wa Australia mwenye miiba ya sumu, na ni mmea wa Amerika. Mafundi wengi wa orodha hudhani kwamba ukiandika maneno mawili umeshamaliza utata. Majina haya matano yanatosha kuwatoa kwenye dhana hiyo.

GBIF ndiyo huduma tunayoipa nafasi ya kwanza kwa orodha ndefu. Ukitaka kuona tabia yake, fungua api.gbif.org/v1/species/match?name=Oenanthe. Inakurudishia matchType yenye thamani NONE, pamoja na maelezo kwamba kuna majibu kadhaa yenye uzito sawa. Wengi wakiona NONE hudhani jina halimo kwenye hifadhidata, wakaanza kulibadilisha tahajia. Limo, tena mara mbili. Mashine imegoma kuchagua. Ongeza verbose=true mwishoni, nayo itakuorodheshea waliogongana. Ongeza kingdom=Animalia, utapata Oenanthe Vieillot, 1816, familia Muscicapidae. Weka kingdom=Plantae, utapata Oenanthe L., familia Apiaceae. Hata ukiacha himaya (kingdom, yaani kundi kubwa kama wanyama au mimea) lakini ukaandika jina pamoja na mtunzi wake, Oenanthe L. au Oenanthe Vieillot, 1816, inaelewa. Kugoma huku ndiko kunakoifanya GBIF istahili kuaminiwa kuliko nyingine.

Kwa asiyetumia msimbo kuna zana ya kupakia faili, iitwayo Species lookup, kwenye ukurasa wa zana wa gbif.org. Unaandaa faili ya CSV yenye safu iitwayo scientificName, na safu ya hiari iitwayo kingdom. Kwa kazi yetu hii safu ya pili usiihesabu kuwa ya hiari. Zana inakuonyesha kila mstari umelinganishwa vipi: EXACT, FUZZY, HIGHERRANK au NONE, unaweza kurekebisha palepale, kisha ukapakua matokeo yakiwa na himaya, familia na namba ya kila taksoni (spishi, jenasi au kundi lolote). Ipo pia nafasi ya kuchagua himaya moja kwa faili zima. Kwenye orodha ya mchanganyiko usiiguse, maana italazimisha kila Ficus kuwa upande mmoja.

Sasa yanayoharibika. Mengi hayatoki GBIF. Yanatoka kwenye lahajedwali, na ndiyo sehemu ya kuwa makini zaidi.

La kwanza ni mkato. Watunzi wa majina ya wanyama huandikwa na mkato kabla ya mwaka: Ficus variegata Röding, 1798. Katika CSV mkato ndio ukuta kati ya safu na safu. Ukiandaa faili kwa mkono kwenye kihariri cha maandishi bila kuzungushia alama za kunukuu, 1798 inahamia safu ya himaya, na himaya yenyewe inasukumwa nje. Andika "Ficus variegata Röding, 1798",Animalia na ukuta utakaa mahali pake. La pili ni herufi ö ya Röding. Faili isipohifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaotunza alama kama hizo, jina hilo huharibika, na mtunzi ambaye ndiye angeamua ugomvi kati ya mti na konokono hatambuliki tena. Kwenye Excel chagua aina ya faili iliyoandikwa CSV UTF-8, si ile ya CSV tu. Tena, kompyuta yenye mpangilio wa lugha za Ulaya bara huweza kutenganisha safu kwa nukta mkato badala ya mkato. Fungua faili kwa kihariri cha kawaida uone kwa macho kabla ya kuipakia.

La tatu ni baya kuliko yote kwa sababu halionyeshi dalili. Mtu anaandika Animalia kwenye mstari wa kwanza kisha anaburuta kona ya kisanduku hadi chini ya orodha, au anapanga safu ya majina kwa alfabeti huku safu ya himaya ikibaki ilivyokuwa. Ficus ya mkuyu wa kando ya mto inapata Animalia. GBIF inafanya ilichoambiwa: inarudisha konokono, EXACT, na kiwango cha uhakika kilicho juu. EXACT maana yake ni kwamba maandishi yamelingana na ombi lako; ukweli wa shambani haumo ndani yake. Dawa ni kuchuja matokeo kwa familia. Muda unaotumika ni mdogo: tafuta Ficidae kwenye orodha ya miti, tafuta Fringillidae kwenye orodha ya nyasi. Ukikuta hata mstari mmoja, rudi ukague safu nzima, kwa kuwa makosa ya kuburuta hayaji moja moja.

Mistari inayoishia na sp. ndiyo inayoumia zaidi. Oenanthe pileata haina pacha upande wa mimea, kwa hiyo itapita hata bila himaya. Oenanthe sp. inasomwa kama jenasi tupu, na jenasi tupu yenye pacha inagonga NONE. Fomu za shambani zimejaa sp., hasa za nyasi na wadudu. Anayechapisha data Tanzania kupitia TanBIF, tawi la GBIF nchini lililoko Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), data yake inaishia GBIF. Rekodi zisizolinganishwa hubandikwa alama ya TAXON_MATCH_NONE na hazionekani kwenye ukurasa wa kundi lake. Himaya iliyoandikwa kwa usahihi inaziokoa.

Na "kwa usahihi" kuna mtego wake. Kanuni za majina ni kitu kimoja, himaya ni kitu kingine. Kuvu hufuata kanuni ya mimea lakini kwenye GBIF wako himaya ya Fungi. Uyoga wa Lactarius ukiuandikia Plantae umekosea, na pacha wake Lactarius lactarius ni samaki. Mwani wa kahawia, Eisenia ikiwamo, umewekwa Chromista, na hilo huwashangaza hata wanabotania waliobobea. Spishi za mwani huo zenyewe zimehamishiwa Ecklonia na baadhi ya wataalamu, kwa hiyo tegemea kuiona ikirudi kama kisawe, yaani jina jingine la kiumbe yuleyule. Bakteria nao wana himaya yao: Bacillus ni bakteria anayejulikana na kila maabara, na Bacillus rossius ni mdudu-kijiti wa Mediterania.

IRMNG tunaipa nafasi ya pili, na kwa swali moja inaishinda GBIF: "Jina hili la jenasi lina pacha popote?" Ilianzishwa na Tony Rees nchini Australia mwaka 2006 na sasa inatunzwa na VLIZ, taasisi ya bahari ya Ubelgiji. Nguvu yake ni kwamba inakusanya majina ya jenasi ya himaya zote, walio hai na waliotoweka, halali na yaliyofutwa. Andika Chloris na utaona majina yenye mtunzi na mwaka yakiwa yamepangwa pamoja: ya Swartz ya 1788 kwa nyasi, ya Cuvier ya 1800 kwa ndege. Ukiwa unaandaa orodha ya hifadhi mpya, pitisha jenasi zako zote humu mara moja tu, kisha weka alama zile zenye pacha. Hizo ndizo zitakazohitaji himaya na mtunzi kila mara. Udhaifu wake ni spishi, ambazo haijazikamilisha. Isitumike kuthibitisha kwamba jina la maneno mawili ni sahihi. Sura ya tovuti nayo ni ya kizamani, lakini inafunguka vizuri kwenye mtandao wa kasi ndogo.

WoRMS na POWO ni huduma nzuri mno zilizotungiwa upande mmoja, na hapo ndipo zinapomponza mgeni. WoRMS inahusu viumbe wa bahari. Ukiipa Ficus variegata inakupa konokono wa Röding bila neno la tahadhari, kwa kuwa kwa upande wake hakuna utata: mti haumo. POWO ya Kew inakupa mti wa Blume wa 1825 bila neno la tahadhari, kwa kuwa konokono hayumo. Zote mbili zimesema kweli. Orodha ya dungusi wa bustani ukiipitisha WoRMS kwa makosa, Cereus itapata mwenzake ambaye ni anemoni wa baharini (sea anemone). Kwa hiyo gawanya faili kwanza, wanyama wa bahari huku na mimea kule, ndipo upeleke kila kundi kwa wataalamu wake. Baada ya kugawanya, majibu yao kuhusu visawe na watunzi huwa bora kuliko ya GBIF, kwa sababu wahariri wake ni watu wa fani hiyo hasa. WoRMS inakupa namba ya AphiaID, POWO inakupa namba ya IPNI, orodha ya kimataifa ya majina ya mimea; zinakili zote.

NCBI Taxonomy ni ya wenye kazi za jeni. Inatenganisha mapacha kwa kubandika maelezo kwenye mabano ya pembe baada ya jina, ili Bacillus wa bakteria asichanganyike na Bacillus mdudu-kijiti, na kila mmoja ana namba yake, TaxID. Njia hii ni safi. Ila ukipakua majina ukayaacha maelezo ya mabano, umetupa kitu pekee kilichowatofautisha. Gaussia inaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito maabara: kimeng'enya cha Gaussia luciferase, kinachotumika sana kupima utendaji wa jeni, asili yake ni yule kopepodi, na yule jamaa wa mnazi wa Kuba hahusiki. Anayeandika jina la spishi kwenye jedwali la vifaa aongeze himaya au TaxID. Jina tupu litamfikisha msomaji kwenye picha ya mti. Mbali na hayo, NCBI haifai kuwa kamusi ya orodha za shambani, kwa sababu imejengwa kuzunguka viumbe wenye data za jeni.

Kabla ya kufungua huduma yoyote, jina lenyewe mara nyingi limeshakupa jibu. Jenasi na spishi zikifanana neno kwa neno, kama Oenanthe oenanthe au Chloris chloris, huyo ni mnyama. Kanuni ya mimea inakataza marudio hayo. Mtunzi akiandikwa L., uko kwa mimea. Akiandikwa Linnaeus, 1758, uko kwa wanyama. Mabano yenye mtunzi mmoja na mwaka, kama (Pennant, 1777) baada ya Asterina gibbosa, ni ya kiti cha pweza. Mabano yanayofuatwa na jina la mtu wa pili ni ya mmea au kuvu aliyehamishwa jenasi. Familia inayoishia -idae ni ya wanyama, -aceae ni ya mimea, mwani, kuvu au bakteria. Ndiyo maana kufuta watunzi "ili jedwali lipendeze", kama wahariri wengi wa ripoti wanavyofanya, ni hasara tupu. Waache walau kwenye kiambatisho.

Tunachopendekeza kwa orodha ya kudumu ni safu saba: scientificName, scientificNameAuthorship, kingdom, family, nomenclaturalCode, na namba ya taksoni kutoka huduma uliyoitumia, pamoja na tarehe ya kuhakiki. nomenclaturalCode inajazwa ICN au ICZN, na ndiyo safu inayosahaulika zaidi ingawa inamaliza ugomvi kwa herufi chache. Ukishakuwa na namba, unganisha majedwali yako kwa namba, kamwe usiunganishe kwa jina. Tovuti zinazovuta picha kwa jina tupu ndizo zinazoweka kipepeo wa Pieris kwenye ukurasa wa kichaka cha Pieris.

Ukikuta GBIF yenyewe imeweka rekodi upande usio wake, tumia kitufe cha maoni kilicho juu ya ukurasa wa rekodi hiyo. Taja namba ya rekodi, jina pamoja na mtunzi, familia iliyopo na familia inayotakiwa, na kitu kinachothibitisha: picha, au mahali ilipookotwa. Tini iliyookotwa Dodoma haiwezi kuwa konokono wa bahari, na sentensi hiyo moja humpa mhariri pa kuanzia. Kosa likiwa limetoka kwenye faili ya mchapishaji, ujumbe utapelekwa kwake. Hapo marekebisho yanategemea yeye kufungua ile CSV, kujaza safu ya kingdom na kuipakia upya.